Kutoka Muziki Kwenda Uhandisi: Nini Kinahama, Nini Kinabaki

Kila chuo kinapofunguliwa swali hili huibuka kwenye vimbweta, hasa saa za usiku watu wakishachoka kupiga msuli: hivi mtu anayesoma muziki anaweza kuhamia uhandisi au kompyuta sayansi? Majibu huja ya aina mbili, na yote hutolewa kwa uhakika mkubwa. Wa kwanza anasema, "Haiwezekani, we baki na gita lako." Wa pili anasema, "Kwani muziki si hesabu tu? Nenda, utawakimbiza."

Wote wawili wanamkosesha mtu njia. Wa kwanza anafunga mlango ambao uko wazi, japo ni mwembamba. Wa pili anamsukuma mwenzake kwenye semista ya kwanza yenye hesabu nne akiwa na imani tu mkononi, na mwisho wake tunaujua: sapu, kerii, kisha kudisko.

Mimi nasoma ualimu, na somo langu la kufundishia ni hesabu. Kwa hiyo swali hili naulizwa mara nyingi kuliko wengine, kama vile watu wa elimu tunakaa na funguo za kila kitivo. Sina funguo. Ninachoweza kufanya ni kulipasua swali lenyewe. Anayetaka kuhama kozi anabeba mizigo mitatu: karatasi, pesa na kichwa. Kila mzigo una sheria zake, na kinachohama kirahisi kwenye mmoja kinaweza kukwama kabisa kwenye mwingine.

Mzigo wa kwanza: karatasi

Tuanze na hapa kwa sababu ndipo wengi wanapoishia. Neno "kuhama" linatudanganya. Tunadhani ni kama kuhama chumba hosteli: unabeba godoro, unabisha hodi mlango wa pili, unaendelea na maisha. Ukweli ni kwamba kuhama kozi kunakoruhusiwa kirahisi ni kwa yule wa mwaka wa kwanza, mwanzoni mwa mwaka, ndani ya siku chache zinazotangazwa, nafasi ikiwepo na vigezo vya kozi mpya vikiwa vimetimia. Hapo kwenye vigezo ndipo pana shida.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka anayeingia chuo kikuu kwa cheti cha kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili unaofikisha pointi 4.0 au zaidi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Watu wengi husoma mpaka hapo tu. Wakitazama cheti chao wanaona A ya Historia na B ya Kiswahili, wanajumlisha wanapata 9, wanasema, "Mbona nimevuka mara mbili!"

Lakini pointi hizo zinahesabiwa kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka. Kwa uhandisi wa kawaida hayo ni hesabu ya kidato cha sita na fizikia. Kwa kompyuta sayansi hesabu ndiyo msingi, kisha kila chuo kinasema somo la pili liwe lipi. Aliyetoka HKL na pointi zake 9, mbele ya mlango wa uhandisi ana pointi 0. Siyo kwamba hana akili. Cheti chake kinajibu swali ambalo mlango ule haujauliza.

Na hapa niseme jambo moja kuhusu BAM, maana linawachanganya watu. BAM ni somo la nyongeza. Kuifaulu ni vizuri, na baadhi ya kozi huitambua kama sharti la ziada, lakini haisimami badala ya hesabu yenyewe ile ya PCM, PGM na EGM. Mtu wa EGM aliyeingia muziki kwa mapenzi yake yuko karibu zaidi na kompyuta sayansi kuliko anavyodhani. Mtu wa HKL mwenye GPA ya 4.2 kwenye muziki yuko mbali zaidi kuliko anavyodhani.

Je, masomo ya muziki aliyokwisha kuyafaulu yanahesabika? Shahada ya miaka 3 ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti inawakilisha saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ukitazama orodha ya masomo ya muziki na ya kompyuta zikiwa bega kwa bega, yanayofanana ni yale tunayosoma karibu wote: stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo. Nadharia ya muziki haifuti kalikulasi, na historia ya muziki wa Afrika haifuti sakiti za umeme. Kwa hiyo, hata chuo kikiwa na huruma kiasi gani, anayehamia huko anaanza mwaka wa kwanza. Ajiandae kuanza upya, kwa sababu karatasi zake nazo zitaanza upya.

Milango iliyopo

Aliyekosa hesabu kidato cha sita ana njia kama tatu.

Njia ya kwanza ni kurudi kwenye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani hufanyika Mei, na usajili unafunguliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ukishtuka Februari umechelewa. Hesabu mtu anaweza kujisomea kwa vitabu na mwalimu mmoja mzuri wa jioni. Fizikia ina mtihani wa vitendo, hivyo lazima upate kituo chenye maabara na ushike vifaa kwa mkono wako. Usiidharau hiyo.

Njia ya pili ni stashahada. Vyuo vya ufundi kama DIT ya Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha huchukua watu wenye cheti cha kidato cha nne chenye masomo yanayotakiwa, hesabu na fizikia zikiwemo kwa kozi za uhandisi. Kwa kawaida kutoka kidato cha nne mpaka stashahada, yaani ngazi ya 6, ni miaka 3. Ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, unaomba shahada inayohusiana na stashahada yako. Angalia hilo neno "inayohusiana". Stashahada ya sanaa kutoka TaSUBa Bagamoyo ni stashahada halali kabisa, lakini haimfikishi mtu kwenye uhandisi, kama vile stashahada ya umeme isivyomfikisha mtu kwenye shahada ya muziki.

Njia ya tatu ni masomo ya awali ya Chuo Kikuu Huria, yale ya mwaka mmoja yaliyowekwa kwa ajili ya walioshindwa kufikisha vigezo vya moja kwa moja. Yamegawanywa kwa makundi: sanaa, sayansi na biashara. Anayetaka kompyuta hana sababu ya kuingia kundi la sanaa kwa kuwa ndilo analolijua. Na kabla ya kulipa hata shilingi, aulize chuo anachokitaka kama kozi ile inampokea mwenye cheti hicho, kwa sababu kila kozi huandika masharti yake.

Fanya hesabu ya miaka kwanza

Dada mmoja tunayekaa naye chumba kimoja yuko mwaka wa pili, muziki. Alitoka HKL. Ana miaka 22 kama mimi, ni wa kwanza kuzaliwa kwao, na wadogo zake watatu wanamtazama yeye. Anapiga kinanda kanisani tangu darasa la tano. Mwaka jana alianza kurekodi kwaya kwa kutumia kompyuta ya kuazima, akavutiwa na kile kilichomo ndani ya ile programu kuliko nyimbo zenyewe. Siku moja akaniuliza, "Ticha, niache?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu.

Akiacha leo: mwaka 1 hadi 2 ya kujiandaa na mtihani wa hesabu na fizikia, maana anaanza karibu na sifuri. Halafu miaka 3 ya kompyuta sayansi, au 4 ya uhandisi. Akifaulu kila kitu mara ya kwanza atamaliza akiwa na miaka 26 hadi 28. Akianguka mtihani mara moja, ongeza mwaka.

Asipoacha: amebakiza mwaka 1 na kidogo wa muziki. Anamaliza akiwa na 23, tayari ana shahada moja. Jioni na likizo anasoma hesabu. Mei inayofuata anafanya mtihani, kisha anaingia kompyuta sayansi akiwa na 24 na kumaliza na 27. Au, akiona hesabu imekubali lakini miaka haitoshi, anaomba stashahada ya muda mfupi ya kompyuta kama nyongeza juu ya shahada aliyonayo.

Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja, tofauti ya umri wa kumaliza ni mwaka 1, na pengine haipo kabisa. Tofauti kubwa iko kwenye kitu kingine: katika njia ya kwanza, jambo lolote likiharibika njiani anabaki na cheti cha kidato cha sita tu. Katika njia ya pili ana shahada mfukoni hata hesabu ikimkataa. Kwa mtu aliye mwaka wa kwanza, wiki ya pili, jibu linaweza kuwa tofauti kabisa: huyo hajapoteza kitu, akiwa na vigezo ahame haraka. Kwa hiyo yule anayesema "fuata moyo wako" bila kuuliza uko mwaka wa ngapi hajakusaidia.

Mzigo wa pili: pesa

Bumu halihami lenyewe. Bodi ya Mikopo inampangia mwanafunzi kwa kozi yake na miaka ya kozi hiyo. Aliyehama kihalali ndani ya mwaka wa kwanza lazima ahakikishe ofisi ya mikopo ya chuo inajua, na Bodi inajua, la sivyo semista inaweza kuisha huku jina lake likisomeka kwenye kozi ya zamani.

Aliyeacha kabisa na kuanza upya ana kazi kubwa zaidi. Kwanza, deni la kozi ya kwanza halifutiki kwa sababu hukumaliza. Pili, miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mtu aliyekatiza masomo akiwa na mkopo awe amerejesha walau asilimia 25 ya alichopewa kabla ya kuomba tena. Mtu hana kazi, hana shahada, na anatakiwa kurejesha robo ya deni ili aruhusiwe kukopa tena. Wengi hawalijui hili mpaka siku ya kujaza fomu. Na atakapoajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwa deni lote.

Jingine ni namna ya kuondoka. Kuna watu huacha kwa kutoonekana tu: hawaji darasani, simu wanazima, mwisho wa mwaka chuo kinawaandika kuwa wametoroka masomo. Kumbe kuahirisha kwa barua kungewaachia mlango wazi. Zaidi ya hapo, jina lako likiwa bado limesajiliwa chuo cha kwanza, udahili wa chuo cha pili unaweza kukwama kwenye mfumo. Ukiamua kuondoka, ondoka kwa karatasi. Andika, pokea nakala yenye muhuri, tunza.

Na nyumbani waambiwe. Najua ni ngumu. Baba aliyeuza mahindi ili ulipe ada ya muziki, ambayo hata yeye aliikubali kwa shingo upande, hatafurahi kusikia kwamba sasa unataka kompyuta. Lakini mwambie ukiwa na ile karatasi ya hesabu ya miaka na gharama. Mzazi anaweza kuubishia moyo wako. Karatasi yenye namba ataiuliza maswali, na ukiweza kuyajibu, mnakuwa mnapanga pamoja.

Mzigo wa tatu: kichwa

Hapa ndipo watu wa elimu tunapopapenda. Tuchukulie karatasi zimekubali na pesa imepatikana. Je, mwanamuziki anaingia darasa la kompyuta akiwa na faida yoyote kichwani?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1901 Wamarekani wawili, Edward Thorndike na Robert Woodworth, waliwafundisha watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina fulani, halafu wakawapima kwenye maumbo ya aina nyingine. Ujuzi ulihama kidogo sana. Hitimisho lao ni kwamba tulichojifunza mahali pamoja kinatusaidia pengine kwa kiasi kile tu ambacho kazi zile mbili zinashiriki sehemu zinazofanana. Mwaka 2020, Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti nyingi kuhusu watoto wanaofundishwa muziki, wakaona kwamba tafiti zilizofanywa kwa umakini mkubwa hazionyeshi muziki ukipandisha akili ya jumla wala alama za darasani.

Kwa hiyo ule usemi wa "muziki ni hesabu, utawakimbiza" hausimami. Ila usiishie hapo, maana sehemu zinazofanana zipo. Kazi ni kuziona.

Chukua gita. Tazama freti, vile vyuma vidogo vilivyopangwa kwenye shingo yake. Hazina nafasi sawa: kadiri unavyoshuka kuelekea tumboni mwa gita ndivyo zinavyobanana. Kwenye waya wa sentimita 65, freti ya kwanza iko kama sentimita 3.65 kutoka mwanzo. Kutoka freti ya 11 kwenda ya 12 ni kama sentimita 1.93 tu. Na freti ya 12 iko katikati kabisa ya waya, sentimita 32.5. Kwa nini?

Kwa sababu sauti haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa kuzidisha. Nota ya la inayotumika kuwekea vyombo sawa hutetema mara 440 kwa sekunde. La ya juu yake hutetema mara 880, na ya chini yake 220. Katikati ya la moja na nyingine kuna hatua 12, na kila hatua ni kuzidisha kwa namba ile ile, takriban 1.0595. Ukiizidisha namba hiyo yenyewe kwa yenyewe mara 12 unapata 2. Ukijaribu kugawanya kwa kujumlisha, yaani 220 uigawe kwa 12 upate kama 18.3 kila hatua, nota ya kwanza baada ya 220 itaangukia 238.3 badala ya 233.1, na kila mtu kanisani atageuka kukutazama.

Mpiga gita ameigusa hesabu hii kwa miaka 10. Vidole vyake vinaijua. Lakini mpe swali la mfuatano wa namba au la logi kwenye karatasi, anaweza kukaa kimya. Ujuzi upo mikononi, haujapata jina. Siku mwalimu akimwonyesha kwamba freti na logi ni kitu kimoja, hapo unahama, na unahama kwa kasi. Bila mtu wa kumwonyesha, au bila yeye mwenyewe kuutafuta, unabaki kwenye gita.

Mifano ya namna hii ipo mingi. Wanaoimba kwaya kwa solfa wanajua kwamba "do" haina mahali pa kudumu: leo iko hapa, kesho mwalimu wa kwaya anaipandisha, na wimbo unabaki ule ule. Hiyo do ni sawa na herufi x kwenye programu: jina moja, thamani inabadilika, mahusiano yanabaki. Alama ya kurudia kwenye nota ni ile amri ya kurudia kwenye programu. Kiitikio kinachoandikwa mara moja na kuitwa baada ya kila ubeti ni kipande cha programu kinachoandikwa mara moja na kuitwa kila kinapohitajika. Na wimbo kwenye CD ni sauti iliyopimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa sababu sikio la binadamu linasikia mpaka mitetemo kama 20,000, na ili kuikamata mitetemo hiyo inabidi kupima zaidi ya mara mbili yake.

Kinachohama kingine ni mazoezi. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa violini wa Berlin. Waliokuwa bora zaidi walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, yale ya kulenga udhaifu na kuurudia polepole. Mwanamuziki anajua kukaa na mistari miwili saa nzima bila kuona aibu. Sisi wengine tukishindwa swali moja la hesabu mara tatu tunafuata madesa. Anayelipeleka lile zoea la mistari miwili kwenye hesabu atafika. Lakini atafika baada ya saa zile zile nyingi.

Aliyevuka bila kuhama

Kuna Mmarekani anaitwa John Chowning. Alikuwa mpiga ngoma na mtunzi, akisoma muziki Chuo Kikuu cha Stanford. Alisoma makala ya Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs aliyekuwa pia anapiga violini na ambaye mwaka 1957 aliandika programu ya kuifanya kompyuta itoe muziki. Chowning hakuwa na msingi wa uhandisi. Alijifunza kuandika programu akisaidiwa na mwanafunzi wa hesabu aliyekuwa mwenzake kwenye okestra. Mwaka 1967, akichezea sauti kwenye kompyuta, sikio lake likagundua njia rahisi ya kutengeneza sauti tata kwa mitetemo miwili tu, mmoja ukiuyumbisha mwingine. Stanford ikaikodisha njia hiyo kwa kampuni ya Yamaha, na mwaka 1983 kikatoka kinanda cha DX7 kilichosikika kwenye nyimbo nyingi sana za miaka ile.

Simtaji ili kusema kila mtu atakuwa Chowning. Namtaja kwa sababu hakubadilisha shahada. Alibaki mtu wa muziki, akafundisha muziki, na akajifunza kompyuta kiasi kilichotakiwa na swali lake. Wapo wenzetu wanaotaka uhandisi wote: madaraja, mota, mitambo. Hao lazima wapite mlango wa hesabu na fizikia, hakuna mkato. Wapo wanaotaka kile kilichomo ndani ya programu ya kurekodi. Hao pengine hawahitaji kuhama, wanahitaji kuongeza.

Jipime wiki 8 kabla ya kuandika barua

Utajuaje uko kundi gani? Usiulize moyo peke yake, moyo hubadilika siku ya matokeo. Jipe wiki 8, saa moja kila siku, bila kuacha chochote.

Wiki 4 za mwanzo, hesabu. Chukua kitabu cha kidato cha tano cha hesabu na ufanye maswali, siyo kusoma mifano. Anza na logi, mifuatano na trigonometria. Mwisho wa wiki ya 4 mpe mtu wa hesabu akutungie mtihani wa saa mbili. Wa elimu tupo, tutakutungia bure.

Wiki 4 za pili, programu. Python ni ya bure. Sonic Pi nayo ni ya bure, na hiyo unaandika amri na kompyuta inapiga muziki, kwa hiyo mwanamuziki anasikia kosa lake kabla hajaliona. Tengeneza kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi: kipima mapigo, au programu inayohamisha wimbo wa solfa kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine.

Baada ya wiki 8 jiulize maswali mawili. Je, ulirudi kwenye lile swali lililokushinda hata siku ambayo hakuna aliyekuona? Na je, ulichokifurahia ni hesabu na programu zenyewe, au ni wazo la kuitwa injinia? Ukiwa umekimbia kwa sababu muziki hauna ajira, hilo nalo ni jambo la kweli na la kusemwa waziwazi. Ila ujue kwamba hofu ya ajira peke yake haimalizi maswali 40 ya kalikulasi kila wiki kwa miaka 4.

Dada wa chumbani kwangu yuko wiki ya 6. Logi zimekubali, trigonometria inamsumbua, na ile programu ya solfa inafanya kazi nusu. Bado anahudhuria muziki, na bumu lake liko palepale. Hajaamua, na hakuna anayemkimbiza.

Wewe unayesoma hii na tayari umeandika barua ya kuacha, iweke kwenye droo kidogo. Nenda ofisi ya udahili na maswali matatu yaliyoandikwa: kwa cheti changu hiki, kozi ile inanipokea? Kama hainipokei, nikirudia masomo gani itanipokea? Na nikiondoka sasa, jina langu na mkopo wangu vinabaki katika hali gani? Omba majibu kwa maandishi. Ukishayapata yote matatu, kaa na mtu wa nyumbani na mtu wa hesabu, mpige hesabu ya miaka. Baada ya hapo barua utakayoandika, iwe ya kuondoka au ya kubaki, utaisaini ukijua unachosaini.